Jibu: Kwa nini dawa ya saratani ya matiti ipandishe sukari?

Ndugu, umeuliza inawezekanaje alpelisibu, dawa ya saratani ya matiti, ikapandisha sukari ya mgonjwa ambaye hajawahi kuwa na kisukari. Jibu limo katika kazi ya Lewis Cantley, mtafiti wa Marekani ambaye, pamoja na wenzake, aligundua katika miaka ya 1980 kimeng'enya kiitwacho PI3K, kinachobandika fosfeti kwenye mafuta ya utando wa seli na hivyo kuiamuru seli ikue, igawanyike na isife.

Kimeng'enya hicho si cha saratani peke yake, kwani insulini nayo hupitisha ujumbe wake kwa njia hiyohiyo ili misuli na ini vijue la kufanya na sukari baada ya mlo. Katika saratani nyingi za matiti, jeni yake huwa imebadilika, nacho hubaki kimewaka muda wote. Dawa hiyo, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019, hukizima kwenye uvimbe na kwenye ini vilevile. Sukari hupanda, kongosho humwaga insulini zaidi, na insulini hiyo (hapa ndipo penye kejeli) huweza kukiamsha tena.

Mwaka 2018 maabara ya Cantley ilionyesha kwa panya kwamba chakula chenye wanga kidogo mno kiliongeza nguvu ya dawa za aina hii, ingawa chakula hicho bila dawa kiliharakisha saratani ya damu katika baadhi ya majaribio. Kwa hiyo nisingemshauri mgonjwa aache ugali kwa uamuzi wake mwenyewe kabla ya kuzungumza na daktari wake.