Pikipiki haichaji: pima kabla hujanunua betri nyingine

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Naendesha bodaboda kati ya Ujiji na Kibirizi. Ndani ya miezi minne nimebadilisha betri mara mbili. Selfu inagoma, honi inakoroma, na usiku taa inafifia. Nimefunga taa mbili za ziada za wati 20 kila moja. Fundi anasema nauziwa betri feki. Nimenunua mita ile ndogo ya njano nikapima: pikipiki ikiwa imezimwa inasoma volti 12.2, nikiwasha na kupiga resi inasoma 12.1. Je, tatizo ni betri kweli?
Msomaji, Ujiji, Kigoma

JIBU: Hapana, ndugu yetu. Betri yako hailishwi, na ukinunua ya tatu itakufa vilevile. Betri nzima iliyojaa na kupumzika usiku kucha husoma 12.6 hadi 12.8, ikifika 12.2 imebaki na nusu hivi. Ukipiga resi ya kati, kama mizunguko 5,000 kwa dakika, namba kwenye vichwa vya betri inatakiwa ipande hadi kati ya 13.5 na 14.5. Yako imeshuka. Injini inakula akiba na hakuna kinachorudi.

Zima kwanza hizo taa za ziada. Zote mbili hunyonya zaidi ya ampea 3, na zitakuvurugia vipimo. Kisha angalia mita yenyewe: alama ya betri ikitokea kwenye kioo, badilisha betri yake ya volti 9, kwa sababu mita iliyoishiwa nguvu husoma juu kuliko ukweli. Waya mweusi wa mita uende COM, mwekundu tundu la katikati. Usiuache mwekundu kwenye tundu la 10A ukapima volti. Hapo unakuwa umeunganisha chanya na hasi moja kwa moja.

Anza na visivyohitaji spea. Chomoa fyuzi uipime kwa mita, maana fyuzi iliyokatika pembeni huonekana nzima kwa macho. Kaza vichwa vya betri. Halafu fuata nyaya zinazotoka kwenye kifuniko cha magneti, yaani sehemu ya injini inayozalisha umeme. Pikipiki nyingi za sasa zina nyaya tatu za njano zinazoingia kwenye soketi ya plastiki kabla ya kufika kwenye rektifaya, kile kifaa kinachogeuza umeme wa magneti uwe wa kuchaji betri na kuzuia volti zisizidi. Hapo tulia, usiharakishe, kwa sababu makosa mengi yanajificha humo. Ifungue. Plastiki iliyokuwa nyeupe utaikuta ya kahawia kama ukoko wa wali, pini moja imepoteza mng'ao na inacheza, na waya wake umekakamaa. Pini ikilegea kidogo inapata joto, joto linaifanya ilegee zaidi, na mwisho umeme hauvuki. Vumbi la barabarani, mvua, na kuosha pikipiki kwa pampu vinaharakisha ugonjwa huo. Kata waya hadi ufikie shaba inayong'aa, maana shaba nyeusi haishiki risasi ya kulehemu, kisha funga soketi mpya. Kusokota nyaya na kuzungushia tepu kutakufikisha nyumbani, lakini patachomeka tena palepale.

Soketi ikiwa safi, pima koili, yaani nyaya zilizozungushwa ndani ya magneti. Zima injini, achanisha soketi, weka mita kwenye omu 200. Gusanisha ncha mbili za mita uone zinasoma ngapi, mara nyingi 0.2 au 0.3, utoe namba hiyo kwenye kila kipimo. Pima waya wa kwanza na wa pili, wa pili na wa tatu, wa kwanza na wa tatu. Majibu matatu yawe karibu sawa, kwa kawaida omu moja au pungufu. Kisha pima kila waya na chuma cha injini: kioo kibaki na ile 1 ya peke yake upande wa kushoto, maana yake hakuna njia. Ukiona omu chache hapo, koili imeungua na inagusa chuma. (Wenye pikipiki za zamani za waya mmoja wa chaji wasishtuke: koili nyingi za aina hiyo hufungwa kwenye chuma kwa makusudi.)

Bila kurudisha soketi, hamia ACV 200 (volti za umeme wa AC, unaotoka kwenye koili), washa injini, upime jozi zilezile. Namba zipande pamoja kadiri unavyoongeza resi, na zinaweza kupita 50, kwa hiyo usiguse nyaya kwa mkono. Jozi moja ikibaki nyuma, koili ndiyo mbovu. Rudia kipimo baada ya kuendesha dakika 20, kwani koili yenye ufa hupita mtihani ikiwa baridi na kufeli ikipata moto.

Koili ikifaulu, rudisha soketi, weka DCV 20 (volti za umeme wa DC, kama wa betri), piga resi. Ncha moja kwenye waya wa rektifaya unaokwenda betri, nyingine kwenye kichwa cha chanya. Ikizidi volti 0.3, umeme unapotea njiani. Fanya hivyo upande wa hasi pia. Njia zote zikiwa safi, ndipo ununue rektifaya, ukilinganisha idadi ya pini na mpangilio wa rangi, maana zinafanana umbo na kutofautiana ndani. Na kamwe usichomoe betri injini ikiwaka ili "kuona kama inachaji". Volti hupaa na kuua CDI (kifaa kinachotoa cheche ya plagi) na balbu.

SWALI: Yangu inafika 15.6 nikipiga resi. Balbu zinakatika, na maji ya betri yanapungua kila wiki. Naongeza ya bomba.
Msomaji, Kasulu

JIBU: Hakikisha kwanza mita haijaishiwa betri. Kama kipimo ni cha kweli, rektifaya haizuii volti zisipande. Kabla ya kuitupa, pima kati ya hasi ya betri na waya wa ethi wa rektifaya (waya wake wa hasi) huku injini ikiwaka, ikizidi 0.2, safisha ethi kwa msasa na upime upya. Maji ya bomba yaache leo, madini yake huharibu pleti. Ongeza maji safi ya betri tu, si asidi.

SWALI: Inachaji vizuri, 14.2, lakini nikiiegesha siku tatu selfu haizunguki. Ina alamu.
Msomaji, Tabora mjini

JIBU: Kuna kinachonyonya usiku. Zima swichi, fungua hasi, na upitishe mita kati ya hasi na waya wake, ukianza na tundu la 10A. Ikisoma sifuri hamia 200m (miliampea 200), mwekundu ukiurudisha tundu la katikati. Usiwashe pikipiki ikiwa hivyo. Miliampea 50 ni ampea-saa 1.2 kwa siku, na betri ya ampea-saa 5 haifiki mbali. Chomoa alamu, kisha rektifaya, kimoja kimoja. Kile ambacho ukikichomoa namba inaanguka karibu na sifuri ndicho kinachonyonya. Kama ni alamu, weka swichi kwenye waya wake. Kama ni rektifaya, badilisha.