Kuongoza pointi 13 halafu ukafungwa: shida haikuwa dadu

Mkuu nimesoma maelezo yako yote na picha za meza nimeziangalia. Unasema pointi za raundi ya tatu zimehesabiwa unaongoza 38 kwa 25, wakati huo umeshika vituo vitatu vya pointi mezani mwenzako viwili, halafu mechi ikaisha amekupita kwa pointi 6 na lawama zote umezipeleka kwa dadu. Mi nacheza mashindano ya Warhammer 40,000, ule mchezo wa vita wa mezani wa majeshi ya vinyago, huku Uingereza, toleo la kumi, na ntakuambia ninavyoona, mechi uliiachia kwenye zamu yako ya tatu kabla hata hujarusha dadu.

Tuanze na hesabu kwanza maana watu wengi wanairuka. Kila kituo ni pointi 5, kikomo 15 kwa zamu. Mechi ni raundi tano, kila raundi kila mmoja ana zamu moja, kwa hiyo zilikuwa zimebaki raundi mbili. Ukibaki na vitatu yeye viwili unapata 15 yeye 10, mara mbili, yaani uongozi wako unatoka 13 unafika 23 bila kuua hata askari mmoja. Vikigeuka, wewe viwili yeye vitatu, unapoteza 10 na uongozi unabaki 3 tu, hapo kadi zake za malengo ya ziada zikimpa 9 zaidi yako ndo unapata hizo 6 ulizofungwa nazo. Kati ya matokeo haya mawili kuna tofauti ya pointi 20, na kilichoamua ni kituo kimoja, kile cha katikati.

Sasa we ulifanya nini, ukashusha Terminators, askari wako wa deraya nzito, kutoka riziva (nje ya meza) wamvamie mkuu wa jeshi lake, na kikosi kilichokuwa kinalinda katikati ukakisogeza mbele kikapige risasi kusaidia. Ukishuka kutoka riziva lazima uwe zaidi ya inchi 9 kutoka kwa adui, na inchi za kuvamia zinaamuliwa na jumla ya dadu mbili, kwa hiyo unahitaji 9. Dadu mbili zina matokeo 36, yanayofika 9 au zaidi ni 10, hiyo ni kama asilimia 28. Ukitumia pointi ya amri kurusha tena unafika kama 48. Yaani hata ukiwa umejiandaa vizuri bado kukosa ni rahisi kuliko kupata, kwa hiyo dadu zilipokukatalia zilifanya kitu cha kawaida kabisa. Na hata ungefika, yule mkuu wa jeshi alikuwa kona ya mbali hajashika kituo chochote, kifo chake kingekupa nini? Timu inayoongoza mbili bila dakika ya 80 haiwapandishi mabeki wote kwenda kutafuta la tatu.

Mi swali ninalojiuliza kabla ya kila uvamizi ni hili, nikikosa meza itakaaje. Kama jibu ni "napoteza kituo" basi simvamii mtu, naacha. Kama jibu ni "hamna kitu kinabadilika" hapo narusha hata kama nafasi ni ndogo.

Nikupe mfano wa mechi yangu, shindano la siku moja, jeshi la thamani ya pointi 2000, mimi nina jeshi la Space Marines na mwenzangu la Orks. Orks wana Waaagh!, kilio chao cha vita, wanaita mara moja tu kwa mechi nzima, ikiitwa wanaweza kukimbia na bado wakavamia, wanapiga kwa nguvu zaidi na wanapata kinga ya 5+, yaani dadu ikitoka 5 au 6 pigo linazuiwa. Boyz, askari wao wa kawaida, wanatembea inchi 6, ongeza dadu moja ya kukimbia, ongeza mbili za kuvamia, kwa wastani inakuja inchi 16 na nusu. Kwa hiyo nikaweka Scouts watano, kikosi cha bei rahisi, mbele kabisa wametawanyika wazibe njia, na kila kitu cha thamani nikakirudisha nyuma ya magofu nje ya huo umbali. Akaita Waaagh! raundi ya pili, akawamaliza Scouts, lakini ukishamaliza kupigana unasogea inchi 3 tu, kwa hiyo Boyz wake wakabaki katikati ya uwanja wazi mbele ya bunduki zangu zote.

Hapo ndo kulikuwa na uamuzi wenyewe sasa, na naupenda kuueleza maana hauonekani kwenye matokeo. Warboss, mkuu wao, na kikosi chake cha Nobz walikuwa wanaonekana vizuri, kila aliyesimama pale mezani angewapiga wao. Nikawaacha. Walikuwa mbali na kituo, na kinga ya 5+ ilikuwa bado ipo mpaka zamu yake ifuatayo ianze kwa hiyo silaha zangu kubwa za kupasua deraya zingepungua makali kwao. Oath of Moment, uwezo wa Space Marines wa kuchagua kikosi kimoja cha adui na kurusha tena dadu zinazokikosa, nikaiweka kwa Boyz wa katikati, nikawapiga kwa bunduki zenye risasi nyingi, wakaisha. Intercessors, askari wangu wa kawaida, wakaingia kile kituo, na hao wana uzuri mmoja mkubwa, wakishakishika mwanzo wa zamu yako kinabaki chako hata wakiondoka au wakifa mpaka adui aje akishike mwenyewe. Warboss akatumia raundi mbili nzima anatembea kutafuta mtu wa kupiga.

Kingine, nilikuwa wa pili kucheza. Kwa kawaida vituo vinahesabiwa mwanzo wa zamu, ila raundi ya tano anayecheza wa pili anahesabiwa mwisho wa zamu yake, na mwenzake hana zamu ya kujibu. Kikosi changu cha jump pack (mashine za kurukia mgongoni), kinaruka inchi 12, nilikificha nyuma ya gofu tangu raundi ya tatu bila kukigusa ingawa kulikuwa na vitu vingi vya kuua. Zamu ya mwisho kikatoka kikawavamia Gretchin, vijiaskari dhaifu vya Orks, waliokuwa wanalinda kituo cha nyumbani kwake, wakaisha wote na kituo kikawa changu.

Kwenye mechi yako mwenzako ndo alikuwa wa pili, kwa hiyo ulitakiwa kuwaza tangu raundi ya tatu kwamba ana neno la mwisho. Terminators ungewashusha palepale katikati kwenye kituo, wagumu kuwatoa wale, na kona zako za nyuma ungeweka kikosi cha Infiltrators maana riziva za adui haziwezi kushuka ndani ya inchi 12 kutoka walipo.

Saa ya chesi, ile inayopima muda wa kila mchezaji, sitaigusa, umesema ulibaki na dakika za kutosha.

Weka hapa jeshi lako lote na kadi ulizochora raundi ya nne na ya tano, maana hizo 9 alizokuzidi kwenye kadi nataka kuziona, inawezekana kuna kadi ulitakiwa kuitupa mapema upate pointi ya amri.