Mwani wa Jambiani kwenye maji ya Nyegezi? Majibu kwa wasomaji

Tangu nitaje kilimo cha mwani wa Zanzibar katika safu hii, simu yangu haijatulia. Nimechagua maswali matano.

*Dada yangu ameolewa Jambiani. Anasema wanawake wa kule wanajenga nyumba kwa hela ya mwani. Mimi nina kiwanja ufukweni Luchelele. Akinitumia mbegu, zitaota?* (Msomaji, Nyegezi)

Hazitaota ndugu yangu, hata uzibembeleze. Mwani ule ni wa bahari, na lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35. Ziwa letu, Victoria, ni la maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi. Ukiutosa humu, maji yanaingia kwenye seli zake, zinavimba na kupasuka, na utabaki na kamba zenye ute unaonuka. Usifikiri pia kwamba dawa ni kutafuta udongo mzuri: mwani hauna mizizi. Chakula chake unakinyonya kwa mwili mzima kutoka kwenye maji, kwa hiyo maji ndiyo shamba lenyewe.

Hiyo "mbegu" nayo si mbegu. Ni kipande cha mwani kilichokatwa kwenye mwani mwingine na kufungwa kwenye kamba, kisha baada ya wiki sita hivi unavuna na kubakiza vipande vya kufunga tena. Kilimo cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, upande wa Paje na Jambiani, kwa mwani ulioletwa kutoka Ufilipino. Kukata na kufunga miaka yote hiyo kuna gharama yake: vipande vya ukoo mmoja vinafanana mno, ugonjwa ukiingia unavikuta vyote dhaifu. Muulize dada analima aina ipi. Kotonii ndiyo yenye bei, lakini haivumilii joto na imekufa sehemu nyingi za Unguja. Spinosamu ni ngumu zaidi, ila bei yake ni ya chini. Na hizo nyumba, muulize zilichukua miaka mingapi kujengwa.

*Wanaununua wa nini? Watu wanaula?* (Baba Neema, Buzuruga)

Umeshautumia leo asubuhi. Ndani yake kuna karajinani, kitu cha kugandisha na kushikamanisha, kinachotiwa kwenye dawa ya meno, aiskrimu na maziwa ya kopo. Zanzibar kwenyewe wanatengeneza pia sabuni.

*Siku nyingine maji ya ziwa huku kwetu yanakuwa kijani kama yamemwagiwa rangi. Tunachota, tunachemsha, tunakunywa. Kuna ubaya?* (Mama wa Igombe)

Upo, mama, na hili ndilo swali lililonifanya niandike wiki hii. Ule ukijani mara nyingi ni sianobakteria, viumbe ambao watu wanawaita mwani kwa sababu ya rangi tu. Jamii moja, Microcystis, huweza kutoa sumu inayoshambulia ini. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, lakini sumu hii haiuawi kwa moto. Tena seli zikipasuka sufuriani, sumu iliyokuwa ndani yake inamwagika kwenye maji yako. Kitambaa cha kuchujia nacho hakiizuii.

Basi siku ya ukijani usichote hapo. Tumieni bomba au kisima. Watoto wasiogelee, na ng'ombe msiwanyweshe kwenye utando. Upepo ukitulia utando huelea juu, ukivuma unausukuma wote kwenye ghuba moja, ndiyo maana jirani yako wa mwalo wa pili anaweza kuona maji safi siku hiyohiyo. Chanzo chake ni sisi: mbolea na udongo wa mashambani, na majitaka ya mji, vinaingiza fosforasi nyingi ziwani. Utando ukifa na kuoza unamaliza oksijeni, na sangara, asiyevumilia kukosa hewa, hufa mapema. Mimi nimekulia Kirumba na nimeogelea humo sana utotoni. Wanangu siwaruhusu.

*Magugu maji nayo ni mwani?* (Msomaji, Kamanga)

Hapana. Yana mizizi, majani na ua zuri la zambarau. Ni mmea kamili kutoka Amerika ya Kusini.

*Niko kidato cha sita, nataka kusomea mwani. Baba anasema Mwanza hakuna bahari, nitapoteza muda.* (Binti wa Ilemela)

Mpe baba shikamoo yangu, kisha msimulie habari za Kathleen Drew-Baker. Alikuwa Mwingereza, mtafiti wa mwani, chuo cha Manchester kilimwondoa kazini kwa kuwa ameolewa, akaendelea na utafiti bila mshahara. Mwaka 1949 alionyesha kwamba kijimea cha waridi kinachoishi ndani ya magamba ya chaza ni mwani uleule wa ufukweni, katika hatua nyingine ya maisha yake. Huko Japani wakulima wa nori, mwani wa kuliwa wa jamii hiyohiyo, walikuwa hawajui mbegu yao inatoka wapi. Baada yake wakaanza kuiotesha wenyewe kwenye magamba. Mji wa Uto una mnara wa kumkumbuka, ingawa Japani hakuwahi kufika.

Wewe una ziwa mlangoni. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, ina kituo hapo Nyegezi, na mwani wa bahari utausomea Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Zanzibar. Wakati ukisubiri, omba darubini ya shule. Vaa glavu, chota tone la maji ya kijani. Ukiona vifungu vya vijipira vidogo, huenda ni Microcystis. Ukiona mfano wa shanga zilizotungwa, ni jamii nyingine. Andika tarehe, mahali ulipochota na kama upepo ulikuwa ukivuma, halafu nitumie.