Mtu wa fildi asikatazwe kuongea na anayeandika kodi ya programu

Mkuu, hapo simama kwanza. Umeandika kwamba mko watano Njombe, mnatengeneza mfumo wa kununulia viazi, na mmepitisha kwamba mtengeneza programu asisumbuliwe: maofisa wa fildi wamwambie meneja, naye ndiye apeleke. Halafu unauliza mtumie Trello au Jira, programu za kupangia kazi za timu. Hata mkitumia daftari la kaunta, utaratibu huo utawamaliza.

Sisi tulikuwa Mbeya mjini, tukitengeneza mfumo wa kupokea kahawa ya wakulima wa Mbozi. Akaletwa mshauri kutoka Dar na slaidi zake, akatufundisha hayohayo. Kikao cha asubuhi cha dakika 15 akawatoa watu wa fildi, waliobaki wakawa wanamripotia meneja mmoja mmoja. Mwongozo wa Scrum (utaratibu wa timu kujenga programu kwa vipindi vifupi) aliokuwa anautaja kila saa unasema kikao hicho ni cha wanaojenga, wapange wenyewe kazi ya siku. Alilipwa kufundisha kitu ambacho hakukisoma, na mpaka leo linanichoma.

Kwenye fomu yetu kulikuwa na kisanduku kimoja cha uzito: Kilo. Aliyeandika kodi alijua ni kilo za kahawa mbivu. Vijana wa Mbozi walijua kuna wanachama wanaomenya nyumbani na kuleta parchimenti kavu, yaani punje zilizobaki na ganda la ndani tu, na kilo moja ya hiyo inatokana na kama kilo tano za mbivu. Msimu ulipofunguliwa karani akaingiza zote humohumo, kwa bei moja. Mzee aliyemenya, akaosha, akaanika kwenye vichanja na kuchambua kwa mkono, akapokea meseji kwenye kitochi chake: analipwa sawa na aliyemwaga mbivu kutoka shambani. Kesho yake ofisi ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, ikajaa watu, katibu anapigiwa kelele, wakarudi kwenye daftari. Mfumo haukuwashwa tena msimu ule, na mkataba ukaishia hapo.

Na jambo lenyewe lilikuwa limeshasemwa! Afisa wetu wa Mlowo alimtumia meneja ujumbe wa sauti inbox mapema kabisa. Meneja akaelewa anaombwa ripoti ya aina za kahawa, akaliweka kwenye orodha ya toleo la pili. Hakuna aliyezembea hapo. Ila baada ya hapo wawili hao hawakusalimiana tena, na wote walikuwa wachapakazi.

Sheria yangu ni moja: anayeandika kodi aongee mwenyewe na anayesimama kwenye mzani, na walichokubaliana kiandikwe siku hiyohiyo mahali ambapo timu nzima inaona. Meneja awepo, apange kipi kianze. Ujumbe usipitie kwake peke yake.

Nilipo sasa tunafanya parachichi, Rungwe. Mtengeneza programu alipanda gari akaenda kusimama kituo cha kukusanyia, akaona kreti zinapimwa, makapi yanatolewa, zinapimwa tena. Jioni ileile kisanduku cha uzito kikawa viwili: uliopokelewa na uliokubaliwa. Hakikuitishwa kikao chochote.

Umeuliza pia habari ya kila mtu kufanyia kazi kwake; hilo wengine watakujibu. Wewe kesho waweke chumba kimoja afisa wa fildi na anayeandika kodi, umuulize kila mmoja kwenye mfumo wenu gunia ni lipi: lililoshonwa mdomo, au lumbesa lililojazwa kupita mdomo? Kisha njoo utuambie walichojibu.