Kwenye boksi kulikuwa na nini?

Wasomaji wanauliza, Mwalimu wa muvi anajibu

SWALI: Mwalimu, habari ya siku nyingi. Mimi na mdogo wangu tuliangalia The Return, ile muvi ya Kirusi ya vijana wawili ambao baba yao alipotea miaka 12, alafu siku moja wanatoka kucheza wanaambiwa wanyamaze, baba yenu amelala. Anawabeba na gari eti wanaenda kuvua samaki, wanafika kisiwani, mzee anachimba anatoa boksi anaificha kwa mashua. Alafu anakufa, mashua inazama na boksi ndani, na muvi imeisha hivyo tu!! Mdogo wangu anasema ni pesa, mzee alikuwa jela. Mimi nimesoma mahali kwamba huyo baba ni Mungu na boksi ni siri ya Mungu. Tumerudisha nyuma mara tano, tukaongeza mwanga wa skrini, hakuna kitu. Saa hii hata salamu ni za kulazimishana. Tuambie ukweli. — Mkubwa wa Nyumba, Kakamega

JIBU: Poleni, lakini hata mkiongeza mwanga mpaka laptopu iungue hamtaona kitu, kwa sababu Andrey Zvyagintsev, dairekta wake, hakuifungua hiyo boksi. Ilikuwa muvi yake ndefu ya kwanza, akaipeleka Venice 2003 ikarudi na Simba wa Dhahabu, na watu bado wanauliza tu hilo swali lenu. Nafikiri shida yetu ni kwamba tumelelewa na DJ Afro, yule wa kutusimulia muvi kwa Kiswahili. Steringi hafi, adui anajulikana mapema, na kama kuna mfuko umefichwa chini ya kitanda lazima mtu aje aufungue tuone dola. Sasa unakutana na Mrusi anakuonyesha mfuko alafu anautupa ziwani, lazima ushikwe na hasira.

Kuna kitu naona mlikipita mbio. Wale vijana wenyewe hawajui kama kuna boksi. Mzee anaichimba wakiwa hawapo na anaificha kabla warudi, kwa hivyo ni sisi tu wa huku nje tunaosumbuka nayo, wao wana swali lao lingine kabisa: ulikuwa wapi miaka yote hiyo, na umerudi kutaka nini. Na hilo pia hawajibiwi. Tunanyimwa boksi vile wao wananyimwa baba. Mdogo wako alipotupa rimoti (najua alitupa, kila mtu hutupa) alikuwa amekasirika vile Ivan, yule kijana mdogo, amekasirika tangu Jumapili mpaka Jumamosi.

Kuhusu Mungu hujakosea sana. Mzee akiwa amelala wanampiga picha kutoka miguuni, shuka mpaka kiunoni, sawasawa na Mantegna, yule Mtaliano wa zamani, alivyomchora Yesu akiwa maiti. Vijana wanakimbia juu darini kutafuta picha ya baba wahakikishe ni yeye, wanaipata ndani ya kitabu, penye mchoro wa Ibrahimu na kisu chake juu ya Isaka. Na siku zinaandikwa kwa skrini moja moja, ni wiki nzima. Hayo yamewekwa makusudi, si eti watu wanaota.

Lakini ukishasema baba ni Mungu, alafu? Umebaki na mtu bado amekaa mezani. Rudini kwa ile meza mara ya sita. Mama na nyanya wamenyamaza, mzee anamwaga divai, anararua kuku kwa mikono anagawa, na hakuna mtu amemwambia agawe. Miaka 12 hajui hata nani anapenda paja, ameamka tu kutoka usingizini ameshika kuku. Kwetu huku magharibi angeulizia imondo (firigisi) kabisa, na angepewa, alafu jikoni ndio watu wangeongea. Mimi hapo sikufikiria Mungu hata kidogo, nilifikiria wazee fulani wanaoshuka kwa basi la Nairobi na begi moja na wanaanza kuuliza kwa nini ng'ombe amefungwa pale.

Na mnara je? Muvi inaanza Ivan yuko juu ya mnara anaogopa kuruka majini, wenzake wamemwacha, anatetemeka mpaka mama anapanda kumfunika. Mwishoni yuko juu ya mnara tena, huko kisiwani, na safari hii anayepanda ni baba, anashika ubao, ubao unang'oka. Mungu gani anaangushwa na ubao mbovu? Huyo ni mtu alikuwa anamfuata mtoto wake. Ivan amekataa safari nzima kumwita baba na moyo mmoja, anaanza kumwita kwa sauti mashua ikiwa inazama. Wewe na mdogo wako saa hiyo mlikuwa mnaangalia boksi.

Acha niseme langu kidogo. Mzee wangu alikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda, kufuli kubwa, hakuna mtu alikuwa anaruhusiwa kuliguza. Kaka yangu aliapa ni taitoli ya shamba lingine, dada akasema ni barua za mwanamke, mimi nilikuwa upande wa pesa. Alipofariki tukakata kufuli na msumeno wa chuma, watu wamejaa mlangoni. Risiti za miwa. Kufuli zingine nne, na funguo ambazo hazikuingia hata kwa moja. Kabla ya hapo tulikuwa tunaweza kukesha tukibishana Baba alikuwa mtu wa aina gani, siku hizi tunauliza tu nani alienda na lile sanduku, maana lilikuwa zuri la kuwekea mahindi.

SWALI: Mwalimu, kwa Leviathan, muvi nyingine ya Zvyagintsev, nani alimuua Lilya? Na ile mifupa ya nyangumi ufuoni inamaanisha serikali ama nini? — Msomaji, Nakuru

JIBU: Wewe wa Nakuru unaniuliza kuhusu muvi ya mtu ananyang'anywa shamba na meya? Kolya ana nyumba yake kando ya bahari huko kaskazini kabisa (waliigiza Teriberka, Bahari ya Barents), meya anaitaka, anaipata, na mwishoni pale palipokuwa na nyumba kumesimama kanisa. Nani alimuua Lilya, mke wa Kolya, muvi haionyeshi. Tunamwona kwenye mwamba akiangalia mgongo wa nyangumi ukiinuka majini, baadaye anapatikana amekufa, na Kolya anapewa miaka 15. Anaweza kuwa alijirusha, anaweza kuwa alisukumwa. Mimi naona alijirusha, lakini korti haikuhitaji kujua ili ifunge mtu, na hilo ndilo lilinitia baridi.

Mifupa usiitafutie maana moja. Jina la muvi linatoka Ayubu sura ya 41, na ukifungua Biblia yetu ya Union utakuta Leviathan ameitwa mamba, unaulizwa kama unaweza kumvua kwa ndoana. Kumbe ni mnyama tunayemjua sana. Alafu angalia nani amekaa karibu na ile mifupa: mtoto wa Kolya, amekimbia nyumbani usiku analia. Kwake ni mahali pa kukaa tu.

SWALI: Kwani hawa madairekta si wanatubeba ufala? Hana mwisho, anaacha tu hewani, sisi tunaita sanaa. — Nimechoka, Kisumu

JIBU: Wengine wanatubeba, kweli, na nimelipa pesa yangu kuwaona. Mimi hupima hivi: nikitoa hicho kitu kisichoeleweka, je, muvi inabomoka ama inaendelea kama kawaida? Jaribu na Loveless, ya Zvyagintsev huyo huyo, ya 2017. Wazazi wanaachana, hakuna anayemtaka mtoto, mtoto anapotea na hapatikani. Mwanzoni alikuwa ameokota utepe wa plastiki wenye mistari akaurusha juu ya mti akienda nyumbani kutoka shule. Mwishoni miaka imepita, theluji, wazazi kila mtu na maisha yake, na ule utepe bado uko juu ya mti.