Jibu: Dar hadi Iringa kwa baiskeli, kwenda kuwashukuru waliokufundisha kazi

Ndugu yangu, umeuliza kama ina maana kunyonga baiskeli karibu kilomita 500 kwenda kuwashukuru wakuu wako wa zamani wa kazi, wakati simu ipo. Nenda. Mimi nilipita njia hiyohiyo kumwona mzee aliyenipokea karakana nikiwa sijui hata kushika spana. Ndiye aliyenizoesha kukagua kila nati kabla gari halijatoka getini, na hakuwahi kunifokea mbele ya mteja. Aliponiona mlangoni na vumbi langu alinishika mikono yote miwili, akamwita mama watoke wote wanione. Kwa simu nisingeyapata hayo.

Kuhusu njia: ukifika Doma, pakia baiskeli kwenye basi hadi Mikumi mjini. Barabara inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, na tembo na nyati wapo kweli. Lala Ruaha Mbuyuni, jaza maji, kisha upande mlima Kitonga asubuhi mapema. Kona ni kali na malori ni mengi, ukichoka shuka ukokote. Beba tyubu za akiba na raba mpya za breki.

Wapigie wenyeji wako mapema, wastaafu huwa mashambani.