Chembe nyekundu haina kiini, sasa hemoglobini yake inatoka wapi?

Mdogo wangu wa kidato cha sita, umeuliza: kama chembe nyekundu ya damu haina kiini, basi haina DNA, yaani maelekezo ya kurithi, sasa hemoglobini, protini inayobeba oksijeni, inaitengenezaje? Swali hilo lilinisumbua sana nilipokuwa nasoma hapa Tanga, kwa hiyo nakujibu kwa njia iliyonifungua mimi.

Kwetu ni Ngamiani, Barabara ya Nane. Bibi yangu alikuwa akitunga shanga za kuuza, mimi namshikia uzi. Na mdogo wangu wa kuzaliwa naye, wa kiume, ana selimundu, ugonjwa wa kurithi unaopinda chembe nyekundu.

Jibu lenyewe ni kwamba hemoglobini hutungwa mapema, ndani ya uboho wa mfupa, wakati chembe bado changa na ina kiini chake. Inanakili jeni, yaani kipande cha DNA chenye maelekezo ya protini, inajaza protini hiyo, halafu inakitema kiini. Nakala hizo, ziitwazo RNA, na ribosomu, mashine za kutunga protini, hubaki siku chache, kwa hiyo kazi inaendelea kidogo hata baada ya hapo. Zikiisha, ndiyo basi: chembe itaishi siku kama 120 kwa kile ilichojaziwa.

Sasa utungaji. Protini ni kama utungo wa shanga. DNA haitoki kwenye kiini. Kinachotoka ni nakala, RNA mjumbe, inayoandikwa na kimeng'enya RNA polimerasi, kisha ikakatwa vipande visivyotakiwa. Ribosomu huisoma herufi tatu tatu. Kila tatu ni kodoni, na kila kodoni inaita ushanga wake, yaani asidi amino, unaoletwa na RNA chukuzi. Kodoni ziko 64 na asidi amino 20, ndiyo maana kadhaa huita ushanga uleule, na tatu kazi yake ni kusimamisha.

Chukua daftari uandike mwanzo wa nakala ya beta globini, mmoja wa minyororo inayounda hemoglobini:

AUG GUG CAC CUG ACU CCU GAG GAG AAG

Methionini, valini, histidini, lusini, threonini, prolini, glutamiki, glutamiki, lisini. Methionini ya AUG hukatwa baadaye. Kwa hiyo GAG ya kwanza ni kodoni ya saba, lakini glutamiki yake ni ya sita kwenye protini. Tulibishana darasani kipindi kizima kwa sababu hakuna aliyetuambia hilo, kila mmoja akishika hesabu yake.

Sasa badili herufi moja tu: GAG iwe GUG. Kwenye DNA, ambako T hukaa mahali pa U, ni A imekuwa T. Ushanga wa sita unakuwa valini, na zile nyingine 145 hazijaguswa. Bibi akikosea rangi moja alikuwa anafumua utungo wote. Ribosomu haijui kama kuna kosa. Inatunga kama ilivyoandikiwa.

Glutamiki ina chaji hasi na inapatana na maji. Valini inayakwepa. Hemoglobini ikishaachia oksijeni, valini hiyo hujibanza kwenye kishimo cha hemoglobini ya jirani, nayo ya jirani kwa nyingine, mpaka zinakuwa kamba ndefu ngumu zinazoisukuma chembe kutoka ndani. Niliwahi kuonyeshwa damu ya mdogo wangu kwenye darubini. Katikati ya viduara vya kawaida kulikuwa na vijiti vyembamba vilivyopinda, vimechongoka ncha zote mbili. Nilitazama muda mrefu, nikiwaza herufi ile moja.

Utauliza mbona mtoto huzaliwa akionekana mzima. Mdogo wangu alianza kuvimba vidole vya mikono na miguu akiwa na miezi minane. Mtoto akiwa tumboni hutumia gama globini, mnyororo unaokaa mahali pa beta, inayotoka kwenye jeni nyingine isiyo na kosa hilo. Baada ya kuzaliwa, jeni ya gama huanza kunyamazishwa na ya beta ikashika zamu. DNA ni ileile. Kinachobadilika ni jeni ipi inasomwa.

Dawa anayotumia sasa, haidroksiyurea, huifanya jeni ya gama isomwe tena kwa kiasi. Kosa lenyewe hailigusi. Kule ubohoni chembe zake bado zinaandika GUG kila siku, lakini gama zikiwamo za kutosha, zile kamba hushindwa kurefuka, na maumivu humjia mara chache kuliko zamani.